Siku moja na rezini: kahawa, isale na taa ya kucha

Saa 12 asubuhi

Hapa mjini Moshi, ukiamka mapema unauona Mlima Kilimanjaro. Ukichelewa, wingu limeshaufunika na wageni wanabaki kupiga picha ya wingu. Mimi huuangalia kwa sababu zangu: Kibo, kile kilele chenye theluji, ikiwa wazi alfajiri, najua jua litakuwepo walau hadi adhuhuri, na jua ndiyo jenereta yangu. Leo ni mwisho wa Oktoba, mvua za vuli zinanyemelea, lakini theluji inaonekana vizuri kabisa. Naweka uji jikoni nikiwa na moyo mwepesi.

Natengeneza mapambo ya rezini ya UV: hereni, vidani, pete, vishika funguo. Ni kimiminika kama asali nyepesi ambacho hakichanganywi na kitu. Unamimina, unamulika kwa taa ya UV, ile miale ya urujuani iliyomo pia kwenye jua, dakika mbili tatu kimekuwa kigumu kama kioo cha saa. Taa yangu ni ileile wanayotumia dada zetu wa saluni kukaushia kucha za jeli. Wengi wanaoniuliza nimeanzaje, nawajibu nilianza kwa kuazima taa ya kucha kwa jirani, na sikuirudisha kwa wakati.

Saa 2

Watoto wameshakwenda shule. Chumba cha kazi kiko uani hapa Majengo, zamani kilikuwa stoo ya mahindi. Mgeni akiingia huuliza kwanza mbona nimeziba dirisha na blanketi. Mwaka juzi niliacha chupa ya rezini dirishani, mdomo wazi, nikaenda sokoni Mbuyuni kununua viazi. Niliporudi mdomo wa chupa ulikuwa umeziba kwa donge, na kilichobaki ndani kilikuwa kizito kama gundi. Kioo cha dirisha kinapunguza UV, hakiizuii yote. Tangu siku hiyo rezini inakaa kwenye chupa nyeusi, chupa ndani ya boksi, boksi chini ya meza.

Navaa glovu. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo ninapogombana na wanafunzi wangu kila mara. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kazi mikono mitupu, nikijisifu kwamba sina makuu. Mwezi wa nne vidole vikaanza kuwasha, kisha vikatoka malengelenge madogo katikati ya vidole, kisha ngozi ikapasuka. Nilidhani ni sabuni ya kufulia. Daktari aliniambia ni mzio, na akaniambia jambo ambalo sikulipenda: mwili ukishaikataa rezini mbichi, hausahau. Hadi leo tone moja likinigusa, kesho yake mkono unawasha. Ikishakauka sawasawa haina neno, ndiyo maana watu wanaivaa. Ubaya uko kwenye ile mbichi. Kwa hiyo glovu ni za naitraili, zile za bluu, kwa sababu za mpira wa kawaida rezini hupenya. Mlango unabaki wazi, na feni imegeuzwa kuelekea nje ili ivute harufu.

Saa 3

Oda ya kwanza: vishika funguo 30 vya punje za kahawa, kwa mwenye duka la zawadi mjini. Wageni wanaoshuka mlimani huvipenda. Punje zinatoka kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha nyumbani Kibosho. Marehemu babu alikuwa mwanachama wa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, na alipenda kujisifu kwamba ushirika ule ni wa 1933, umemzidi yeye umri kwa mwaka mmoja tu. Sijui angesema nini akiona kahawa yake imezamishwa kwenye plastiki na kuuzwa punje tatu tatu.

Punje ya kahawa inaonekana rahisi, na ndiyo iliyonifundisha kazi. Ikiwa mbichi ina unyevu, ikiwa imekaangwa sana ina mafuta, na vyote viwili rezini haivipendi: unyevu unaleta ukungu, mafuta yanafanya rezini iachane na punje, ukaona utando wa fedha kama hewa imeingia. Nakaanga wastani, naacha siku kadhaa juu ya karatasi, nafuta moja moja kwa kitambaa chenye spiriti.

Halafu kuna kivuli. Rezini hukauka pale tu mwanga unapofika. Punje haipitishi mwanga, kwa hiyo ukimulika kutoka juu peke yake, chini ya tumbo la punje kunabaki kioevu. Juu unagonga kucha, ko ko ko, unasema tayari. Wiki ya pili mteja anakupigia simu. Ninachofanya ni kumimina tabaka la milimita moja kwenye kalibu, kile chombo cha kutolea umbo, ya silikoni iliyo angavu, namulika dakika moja, napanga punje, namimina tabaka la pili, namulika dakika mbili, kisha nageuza kalibu nzima kifudifudi na kumulika upande wa chini dakika nyingine mbili. Kalibu za rangi rangi ni nzuri kwa macho tu. Mwanga hauzipiti, hivyo upande wa chini unausubiri hadi utoe kitu.

Kwa nini nisimimine yote mara moja? Nilijaribu. Rezini inapokauka inatoa joto, na ikiwa nene inachemka kweli, inapinda, kingo zinajivuta kutoka kwenye kalibu. Kitu kikubwa, kama sinia au kikalio cha glasi, nakifanya kwa epoksi ya chupa mbili, ile ya kuchanganya kwa vipimo na kusubiri siku nzima. UV ni ya vitu vidogo na watu wenye haraka kama mimi.

Saa 4 na nusu

Nikisubiri taa, nafungua kamusi kubwa iliyoko rafuni, na katikati ya kurasa zake kuna isale.

Kwa asiye Mchaga: isale ni ule mmea wa majani marefu ambao wazee huupanda mipakani mwa vihamba, na jani lake ndilo linalobebwa kwenda kuomba msamaha. Ukiletewa isale, kukataa si jambo dogo. Mama mmoja mtu mzima kutoka Old Moshi alinijia wiki mbili zilizopita akiwa na ncha ya jani, urefu wa kama shibiri, amelifunga kwenye gazeti. Mwanawe hakukanyaga nyumbani miaka saba kwa ugomvi wa mpaka na kaka yake. Mwezi huu alikuja, akiwa na isale mkononi. "Sasa mwanangu," akaniambia, "hili nataka nilivae."

Nilimpigia mama yangu kumuuliza. Akanijibu kwa mkato kwamba isale haivaliwi, inapokelewa. Nikakaa na jibu hilo siku mbili, kisha nikaona jani ni lake aliyeletewa.

Limekaa kwenye kamusi siku 14, katikati ya tishu nilizokuwa nabadilisha, na tofali juu yake. Nalikunja kidogo pembeni: linalia kama karatasi kavu. Vizuri. Nakata kipande cha sentimita tatu, nachagua palipo na mistari iliyonyooka. Mabaki nayaweka mezani pembeni.

Saa 5:20

Umeme umekatika. Nilijua tu, feni ilikuwa imeanza kusuasua.

Kalibu tano zina rezini mbichi. Nazibeba juu ya trei ya mayai, nazifunika na boksi zisianze kukauka njiani, nazipeleka juani kwenye ukuta wa mabanda ya kuku. Mwezi huu jua la adhuhuri Moshi linakaa karibu utosini, na vipande vyembamba vinakauka kwa robo saa. Kasoro yake ni vumbi, sisimizi, na kuku mmoja ambaye nina hakika ananichukia. Nazifunika na bakuli la kioo, ninakaa kwenye kigoda na fimbo.

Nikiwa hapo nakusanya taka za mezani: karatasi za kufutia, vijiti vya meno, glovu iliyochanika, matone. Vyote kwenye kopo la maziwa, nalo juani. Rezini mbichi haimwagwi kwenye sinki wala mtaroni. Nailaza juani hadi iwe jiwe, ndipo inakwenda jalalani.

Saa 7 mchana

Makande, haraka haraka, umeme umerudi. Simu inaita nikiwa na kijiko mdomoni.

"Dada, shikamoo. Zile hereni nyeusi… zinatoa jasho."

Mteja wangu wa Arusha. Hereni nene, nyeusi ti, nilizomtumia kwa basi wiki jana. Sikuhitaji kuziona. Rangi nyeusi inakula mwanga wote juu juu, ndani rezini inabaki mbichi, na joto likipanda inajipenyeza nje kama jasho kweli. Nyeupe nayo ni hivyohivyo. Nyeusi inatakiwa tabaka jembamba kama karatasi, unakausha, unaongeza jingine, mara sita au saba. Mimi siku ile nilifanya mara tatu kwa sababu basi lilikuwa linaondoka. Namwambia azivue sasa hivi, anawe sikio kwa sabuni na maji, azifunge kwenye mfuko azirudishe, na natuma nyingine kwa gharama yangu. Kosa langu, la haraka ya basi, na shilingi 12,000 zimeondoka.

Saa 9 alasiri

Sasa isale. Nimeweka chupa ya rezini kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, inakuwa nyepesi na viputo vinapanda vyenyewe.

Jani lina vijia vya hewa. Ukilizamisha moja kwa moja, hewa inatoka wakati rezini inakauka na unapata mstari wa viputo kama ushanga. Kwa hiyo kwanza nalipaka rezini kwa brashi laini, upande wa kwanza, naisugua polepole kufuata mistari ya jani. Rangi inabadilika mbele ya macho: lilikuwa limefifia kama nyasi kavu, likilowa linarudia ujani, si ule wa shambani, ni ujani wa chai ya mchaichai. Namulika sekunde 60. Nageuza, upande wa pili vilevile. Sasa limefungwa.

Kalibu ni ya yai, sentimita nne. Tabaka jembamba, taa. Jani, nalilaza kwa koleo la nyusi. Tabaka la pili nalimimina kutoka pembeni ili lisukume hewa mbele. Viputo viwili vimebaki karibu na ncha. Cha kwanza nakitoa kwa kijiti cha meno, cha pili napitisha kiberiti cha gesi juu yake, nusu sekunde tu, kinapasuka. Naangalia kutoka kila upande. Kuna kingine, kidogo kama kichwa cha sindano, kimejificha chini ya jani. Nikichokonoa nitalisogeza. Nakiacha.

Taa juu dakika mbili, chini dakika mbili. Sitazami ndani ya taa. Ule urujuani unaoonekana ni masalia tu, UV yenyewe jicho haliioni, na kutoiona hakukukingi.

Nikilitoa, uso wake unanata kidogo. Wengi hapa hudhani rezini ni mbovu. Ni hewa tu: oksijeni huzuia ule utando wa juu kabisa usikauke. Nalifuta kwa spiriti, napaka tabaka la mwisho, nakausha tena, nafuta tena. Msasa namba 800 kingoni, kisha 1500, kisha 2000, zote kwa maji ili vumbi lisiruke. Kitundu kwa drili ndogo ya mkono. Pete ya chuma, mkufu.

Saa 11 jioni

Yule mama wa isale amefika, amevaa kanga ya kanisani, ana haraka ya gari la mwisho. Namwamkia, namkabidhi. Hasemi kitu. Anatoka nalo nje uani, analiinua, na Kibo iko nyuma yake imejitokeza kidogo kwenye wingu, ingawa yeye hakuwa akiiangalia.

"Hiki ni nini?" Amekiona kile kiputo. Miaka sabini na ushee, bila miwani.

"Hewa, mama. Ilikuwa ndani ya jani, nikaogopa kulivunja."

Akanyamaza. Kisha: "Na lililobaki liko wapi?"

Mezani hakuna. Kwenye kamusi hakuna. Nikahisi joto kichwani, kwa sababu nilishajua. Nikaenda ukutani kwenye kopo la maziwa. Mabaki ya isale yalikuwa humo, yamegandiana na karatasi za kufutia na kidole kimoja cha glovu ya bluu, vyote vimekuwa jiwe moja. Sikuwa na pa kuficha uso. Nilimweleza ukweli, nikachukua kisu na koleo, nikakaa chini kwenye kigoda, nikabandua kwa dakika kumi huku yeye akinisimamia na gari lake likimwacha. Kipande kimoja kilitoka kizima, kina rezini upande mmoja, upande mwingine ni jani tupu.

Nikasema nisamehe, mama.

Alikitazama kile kipande mkononi mwangu, akanitazama mimi, akacheka hadi akashika ukuta. "Umeniomba na isale yangu mwenyewe!"

Akakipokea. Akakifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli, nami nikaenda kumtafutia bodaboda.