Fundi, Njoo Uone Tunavyocheza

Ugomvi ulianzia kwenye pindo. Mteja wangu mmoja wa Upanga, binti wa chuo, alirudisha sketi ya chaniya niliyomshonea akiwa amekunja uso. Ndefu, anaikanyaga. Nikachukua tepu nikampima mbele ya mama yake, kiunoni hadi kifundo cha mguu, ikawa sawasawa na nilivyoandika kwenye daftari. Haikuzidi hata sentimita moja. Tukabishana. Mwisho bibi yake, ambaye siku zote huja nao na kukaa kimya kwenye stuli yangu, akasema kwa Kiswahili chake cha Dar ya zamani: "Fundi, wewe unapima mtu aliyesimama. Njoo uone tunavyocheza."

Nikaona aibu kidogo. Nina cherehani kwenye kibaraza karibu na Soko la Kisutu kwa miaka kumi na minne, na kila mwaka nashona nguo za Navratri, sikukuu ya Wahindu ya ngoma na ibada, mpaka vidole vinakufa ganzi, lakini sikuwahi kuziona zikivaliwa mahali pake. Mimi kazi yangu iliishia kwenye kifungo cha mwisho. Zikianza zile siku tisa, nalala.

Kwa msiozijua: chaniya ni sketi pana, choli ni blauzi fupi ya mgongo wazi inayofungwa kwa kamba, halafu unakuja mtandio. Nilipoanza nilidhani chaniya ni solo tu. Sketi ya solo mafundi wote tunaijua, unakunja kitambaa, unakata duara, umemaliza. Lakini kitambaa chenye vioo na nakshi ni kizito, na solo likining'inia siku mbili tatu linavutika zile sehemu zilizokatwa mshazari, pindo linakuwa milima na mabonde. Ndiyo maana chaniya nzuri hukatwa vipande vipande, vyembamba juu vipana chini, na wao kila kipande wanakiita kali. Nimeshawahi kuunga vipande 24 kwa sketi moja. Mteja akizunguka, inafunguka kama mwavuli. Hilo nililijua kwa kuambiwa.

Jambo jingine lililonichukua miaka kulielewa ni tarehe. Wao nao wanafuata mwezi kama sisi Waislamu, ila Ramadhani yetu inatembea mwaka mzima na Navratri haiendi mbali, inachezacheza Septemba na Oktoba. Nikaja kuambiwa kwamba kalenda yao huongezewa mwezi mzima kila baada ya miaka miwili na zaidi, ili isiachane na majira. Kwa fundi hiyo ni habari ya pesa. Mwaka 2025 usiku wa kwanza uliangukia Jumatatu, tarehe 22 Septemba, na mimi nikaalikwa Ijumaa yake.

Nilijipara. Nikajifunga kanga ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, kwa mzaha wangu mwenyewe kwamba mtu wa Kisutu avae kisutu. Pale getini mlinzi akanisimamisha akaniuliza mzigo naupeleka kwa nani. Sina mzigo, nikamwambia, nimealikwa. Akaniangalia kanga, akaniangalia miguu, akasema wafanyakazi wanapita mlango wa nyuma. Sikupiga kelele. Nilimpigia simu yule binti akaja mbio akanishika mkono, na mlinzi, Mswahili mwenzangu kabisa, akageuka upande wa pili kama anaangalia magari. Nalisema hili kwa sababu nikilificha mtadhani kuingia kwenye shughuli za watu ni kuvua viatu tu.

Viatu vyenyewe huvuliwa, kweli, na ni mlima. Ndani, katikati ya ukumbi, kulikuwa na chungu cha udongo kilichotobolewa matundu, taa inawaka ndani, nuru inatoka vidoadoa. Mimi akili ikaenda kwenye chetezo cha udi. Wanakiita garbo, na ngoma yenyewe garba, neno lililotoka kwenye Kisanskriti, garbha, tumbo la uzazi. Kwa hiyo watu wanazunguka tumbo lenye taa, wanamwimbia mungu wao wa kike wanayemwita Amba. Ilipofika zamu ya ibada yao nilisogea nikasimama mlangoni. Mimi nina dini yangu. Hakuna aliyenivuta wala aliyeninunia, na walipomaliza wakanifuata nilipo.

Sasa ngoma. Jamani, mimi mtu wa mduara. Kwenye kitchen party za Ilala nikiingia mduarani hata wapishi wanaacha sufuria. Nikajiambia, duara ni duara. Wapi! Mduara wetu unakwenda na kiuno, mtu unajivuta taratibu, unajidai. Garba inakwenda na makofi. Kuna ya makofi mawili, be taali, na ya makofi matatu, tran taali, na kofi likikupita mguu nao umekupita, na nyuma yako kuna shangazi mwenye kilo tisini anakuja kama lori la Tunduma. Nilikanyagwa, nikakanyaga. Kuna duara ndani ya duara: wakubwa wako ndani, karibu na chungu, wanakwenda polepole; vijana wako nje wanaruka na kugeuka. Nilianzia nje kwa kiburi. Baada ya dakika kumi niko ndani na vikongwe, nahema.

Huko ndani ndiko nilikopata somo la kwanza la lugha. Nilikuwa nahesabu makofi kwa sauti ili nisipotee: ek, do, teen. Nimezaliwa na kukulia Dar, filamu za Kihindi tumezila kama mihogo, hesabu hiyo naijua tangu nina miaka saba. Bibi mmoja akanipiga begani kwa fimbo yake ya dandiya, ile ngoma yao ya vijiti. "Do, teen ni ya sinema," akasema. "Hapa ek, be, tran."

Miaka yote nimesema wateja wangu wanaongea Kihindi. Tunasema hivyo wote: Mhindi, anaongea Kihindi, basi. Kumbe nyumbani wanaongea Kigujarati, na wengine Kikutchi, na Kihindi wengi wao wamekipata pale pale nilipokipata mimi, kwenye filamu. Ni sawasawa na mtu atusikie akina sisi, Mzaramo, Mmakonde, Mhaya, aseme wote wanaongea Kiafrika. Hata maandishi ni mengine. Kwenye bango la mlangoni niliona herufi hazina ule mstari wa juu unaouona kwenye majina ya filamu. Zimekaa huru, kama sketi iliyofumuliwa ukanda wa kiunoni.

Lakini kilichonivunja mbavu ni ukoo. Nyumbani kwa yule binti kuna mkaza mwana, bibi arusi aliyetoka Rajkot, mji wa jimbo la Gujarat huko India, ana miezi mitano tu Dar, Kiswahili anakokoteza. Tulikaa kwenye mkeka kupumzika. Nikamwamkia mama mwenye nyumba, "Shikamoo mama." Nikamgeukia bibi arusi, "Habari dada." Akija kijana na maji nikamwambia, "Asante kaka." Bibi arusi akatoa macho, akamnong'oneza yule binti, na mkeka mzima ukaanguka kicheko. Nikadai kutafsiriwa. Binti akasema: "Anauliza kwa nini fundi anamwita mama mkwe wake mjomba, yeye anamwita babu, na huyu mtoto anamwita baba mdogo."

Basi nikafundishwa. Kwa Kigujarati, mama ni kaka wa mama yako. Dada ni baba wa baba yako. Kaka ni mdogo wa kiume wa baba. Na bibi mwenyewe, aliyenialika, wote wanamwita Ba, wakati kwetu ba ni baba, ba mkubwa, ba mdogo. Yaani maneno yale yale, ukoo mwingine kabisa. Yule bibi arusi akasema, kwa Kiswahili chake na mikono miwili, kwamba wiki yake ya kwanza hapa alisikia kondakta wa daladala akiita "twende dada, twende dada" akadhani anahimiza wazee. Tangu siku hiyo tukawa marafiki. Mimi naye ananiita kwa jina langu na "ben" nyuma yake. Sisi tunatanguliza "dada" kabla ya jina, wao wanaweka mwishoni. Kwa wanaume ni "bhai".

Yeye na mimi tuna mchezo. Akija kibarazani nagusa kitu, kila mmoja anakitaja kwa lugha yake. Bangili, yeye bangdi. Rangi, rang. Godoro, godadu. Duka, dukaan. Chapa, chhaap. Gari linapita, gaadi. Kachumbari haikuhitaji hata kuulizwa. Maneno hayo yamefika pwani hii na majahazi ya kaskazi, na fedha pia: pesa yetu ni paisa yao, laki yetu ni lakh yao. Kuna mengine siyo yao wala yetu. Korosho wanaiita kaju, ambayo ni Kireno, na wale wenzangu wa pwani mnaosema kanju na mkanju, mmeipata kwa Mreno huyo huyo. Mimi kitu ninachokipenda zaidi ni kwamba fundi wa nguo wao humwita darji. Ananitumia sauti kwenye WhatsApp, "Darji-ben, kem cho?" na mimi najibu "Majama!" kwa sauti ya kujidai, halafu kinachofuata sikielewi hata kidogo.

Ngeli zinamtesa. Anasema "kiti yangu". Mimi nikimsahihisha ananikumbusha kwamba Kigujarati kina jinsi tatu, za kiume, za kike na ya katikati, na mimi bado nawaita wanaume kwa maneno ya kike. Tumetoka sare.

Turudi kwenye mkeka. Wengi walikuwa wanafunga, na mfungo wao si kama wetu wa kutokula kabisa mchana. Wengi wanaacha nafaka, wanakula matunda, viazi, na sabudana, zile punje nyeupe zinazotengenezwa kwa wanga wa muhogo. Na muhogo wenyewe ulikuwepo, umekaangwa, umekamuliwa ndimu, umenyunyiziwa pilipili. Ba akaniambia, "Kula mogo." Nikamsahihisha: muhogo. Akakataa. Kwao ni mogo, akasema, na ndugu zake walioko Leicester, Uingereza, wanasema mogo hadi leo, na maduka ya huko yanauza mogo. Karanga wanaziita jugu. Kisu ni kisu, ufagio ni fagio, sufuria ni sufuria. Alipokwenda kuwatembelea jamaa zake Gujarat kwa mara ya kwanza akaagiza aletewe sufuria, jikoni wakamwangalia kama ameingiwa na pepo.

Nikamuuliza hao ndugu walihama lini. Mwaka 1971, akasema, majumba yalipotaifishwa. Akanitajia jengo, mtaa, na ghorofa. Mimi nikanyamaza, kwa sababu marehemu mama yangu alipata chumba chake cha kwanza mjini kwenye nyumba ya Msajili wa Majumba, aliyekabidhiwa nyumba zilizotaifishwa, na tulikuwa tunashukuru Mungu kila siku kwa nyumba ile. Halikuwa jengo hilo. Lakini lingeweza kuwa. Ba hakuwa ananishtaki. Aligusa tu pindo la kanga yangu akasema mama yake alikuwa na kisutu kama hii, alikuwa anajifunga akienda sokoni. Tukala mogo.

Nimewahi kuhudhuria mambo mengine ya aina hii hapa mjini. Muziki wa Alliance Française, kile kituo cha utamaduni cha Wafaransa, ni mzuri, na viti vyao vinakalika, lakini pale mimi ni mtazamaji, napiga makofi mwishoni kabisa, wimbo ukiisha. Kwenye garba makofi ndiyo kazi yenyewe. Binti ananiambia UNESCO imeiingiza garba ya Gujarat kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, Desemba 2023, na kikao kilikaa Kasane, Botswana, bara hili hili. Nikamwambia wawahi na mduara.

Kuhusu pindo: Ba alikuwa na haki. Mtu akicheza garba anainama mbele kwenye kila kofi, goti linakunjika, na sketi inashuka mbele huku nyuma ikipanda. Halafu anazunguka ghafla, uzito wa vioo unaitupa nje, na akisimama inamrudia miguuni kama wimbi. Ukipima hadi kifundo cha mguu umemtega. Siku hizi mteja akija namwambia avue viatu, apige makofi matatu na azunguke palepale kibarazani, wapita njia watuangalie watakavyo, ndipo naweka pini. Nyingi zinaishia vidole vinne juu ya kifundo. Yule binti nilimkatia yake upya bure.

Mwaka 2026 usiku wa kwanza ni tarehe 11 Oktoba. Kitambaa kiletwe kabla ya katikati ya Septemba, kiwe kimefuliwa maana pamba inarudi, na mje na sidiria mtakayoivaa siku yenyewe. Usiku wa tano nafunga saa kumi na moja jioni. Mwenye nguo ya haraka siku hiyo atanikuta ukumbini, duara la ndani, na mkasi sitakuwa nao.