Siku Tatu, Vibua Wanne

Nikijumlisha nauli ya treni, chumba cha siku mbili, fimbo ya kuvulia, ndoana tulizozipoteza na chipsi tulizokula kwa hasira, kila kibua tuliyemvua katika ufukwe wa Chesil, kusini mwa Uingereza, alinigharimu kama pauni 100, na mama yangu aliyeko Tanga amenisihi nisiitaje hesabu hiyo mbele ya mtu yeyote wa Chumbageni. Hapo Chumbageni, barazani kwetu, ndipo alipokuwa akikaanga vibua kila jioni nilipokuwa mdogo. Aliwachanja mbavuni, akawapaka chumvi, ndimu na pilipili, akawatosa kwenye mafuta, kisha akawafunga kwenye gazeti na kuwauza kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu. Ada yangu ya shule ilitoka ndani ya kikaango kile. Hata hivyo, samaki huyo nilimjua kuanzia kwenye ndoo ya mchuuzi kwenda kwenye mafuta tu. Sikuwahi kushika mshipi hata siku moja, kwa kuwa nyumbani wanaume ndio waliokwenda na vyombo, nasi wanawake tuliteremka miambani maji yakipwa kutafuta pweza.

Aliyenitia katika safari hii ni mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliyezaliwa Southampton na kukulia huko. Alikuwa ameona kwenye simu video za watu waliosimama ufukweni kusini mwa Uingereza, kila mmoja akivuta uzi wenye ndoana sita na samaki watano wakining'inia kama nguo kwenye kamba. "Mama," aliniambia, "hawa si ndio vibua wa bibi?" Sikuwa na la kumjibu ila kukubali. Kwa hakika si kibua wetu hasa, bali ni ndugu yake wa maji baridi, na wataalamu wamewaweka wote wawili katika familia moja na nguru na jodari. Basi nikaomba likizo ya siku tatu mwezi Agosti 2025, tukaondoka.

Treni ya kwenda Weymouth haina la kusimuliwa. Chumba ndicho chenye hadithi. Tulikipata Chiswell, upande wa kisiwa cha Portland, kwa pauni 105 kwa usiku mmoja, na kwa fedha hiyo tulipewa kitanda kilichobonyea katikati kama mtumbwi, dirisha lililokataa kufungwa, na karatasi iliyobandikwa jikoni ikiwakataza wageni kukaanga samaki. Nilisimama mbele ya karatasi ile kwa muda mrefu. Mtu anajenga nyumba ya wageni hatua hamsini kutoka baharini, mahali ambapo watu hawaendi ila kwa ajili ya samaki, kisha anakataza samaki! Duka tulikonunua vifaa lilitutoza pauni 45 kwa fimbo na gurudumu lake la kukunjia uzi, na muuzaji alituhakikishia kwamba samaki "wapo, wapo tu", kwa sauti ileile ya dalali wa viwanja. La kushukuru ni moja: kuvua baharini kwa fimbo Uingereza hakuhitaji leseni.

Ufukwe wenyewe ni ajabu ambayo sikuitarajia. Ni ukuta wa kokoto wenye urefu wa kilomita 29 hivi, na kwa karibu nusu ya urefu huo upande mmoja ni bahari wazi na upande wa pili ni wangwa uliotulia uitwao Fleet. Kule magharibi, West Bay, kokoto ni ndogo kama kunde, nazo huendelea kukua taratibu hadi huku Portland ambako zinalingana na mbatata. Husimuliwa kwamba wavuvi wa zamani waliokuja nchi kavu gizani waliweza kujua wako wapi kwa kushika jiwe tu. Kwa miguu yangu iliyozoea mchanga, zile mbatata zilikuwa adhabu, kwani kila hatua mbili za kupanda zilirudisha moja chini, na kila wimbi lililorudi lilizikokota kokoto kwa kishindo kama cha lori linalomwaga kifusi. Maji nayo hayana adabu ya maji ya Tanga. Hayapandi wala kushuka kiasi cha kumpa mtu nafasi ya kwenda mwambani, na hapo Portland yana desturi ya kupwa mara mbili kabla ya kujaa, jambo ambalo nilipomweleza mama kwa simu alidhani nimechanganyikiwa kwa baridi.

Siku ya kwanza upepo ulivuma kutoka kusini-magharibi, ukatupiga usoni moja kwa moja, na mawimbi yakayachafua maji ya kando yakawa kama chai ya maziwa. Vibua wa kule huwinda kwa macho, wakiwafukuza samaki wadogo mfano wa dagaa, kwa hiyo maji yakivurugika hawasogei ufukweni. Ndiyo maana ndoana zao hazitiwi chambo bali hufungwa vinyoya au nyuzi zinazometa, ili kibua adhani ameona kitoweo. Hayo yote niliambiwa baada ya kurusha kwa saa nne na kuacha seti mbili za ndoana chini ya mawe. Siku ya pili hatukupata kitu.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, nasi tulikuwa ufukweni saa kumi na mbili asubuhi. Jua huchelewa kufika upande ule, maana huchomoza nyuma ya kisiwa, na bahari ilikuwa imelala katika kivuli, tulivu, rangi ya bati. Watu walikuwa kama kumi na watano, wametengana hatua kadhaa. Jirani yetu alikuwa bibi wa umri wa mama yangu, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa koti la mvua ambalo mifuko yake ilikuwa na kila kitu isipokuwa mvua. Alitusalimu, akatazama fimbo yetu mpya, akanyamaza kwa heshima. Baadaye alitueleza kwamba alikuwa akija tangu Juni. Miaka mizuri, alisema, vibua huanza kuonekana mwezi Mei na mtu huvua hadi akachoka, lakini msimu ule walikuja asubuhi moja kwa nusu saa, kisha wiki mbili zikapita bila hata mmoja. Mwanangu akamuuliza wamekwenda wapi. Bibi yule alinyoosha kidole kuelekea upeo wa macho, mahali palipokuwa na meli moja, ingawa sidhani kwamba aliikusudia meli ile. Akaongeza kuwa mwaka huo magharibi zaidi, Devon na Cornwall, pweza walikuwa wamejaa hadi wanaingia kwenye mitego ya kaa na kula kilichomo, na wavuvi wengine wanalia. Nilijikuta nacheka. Wangeniita mimi na shangazi zangu na vijiti vyetu.

Shakwe ndio waliotangulia. Walikuwa wametawanyika juu ya maji, mara wakakusanyika, wakaanza kujitupa na kupiga kelele, na chini yao bahari ikaanza kuchemka. Nasema kuchemka kwa maana yake halisi, kama sufuria. Samaki wadogo waliruka hadi kwenye kokoto, wakawa wanapepesuka miguuni petu, wamefukuzwa na vibua waliowafuata hadi hatua tatu kutoka nchi kavu. Kila fimbo ya ufukwe ule ilinyanyuka kwa pamoja. Mwanangu alikuwa akipumzika, fimbo iko mikononi mwangu, nami nikairudisha nyuma kwa nguvu zote za siku tatu, nikairusha.

Uzi haukwenda popote. Ndoana ya juu ilikuwa imezama kwenye mtandio wangu kisogoni, ya pili begani, ya tatu mgongoni kwenye sweta, na chubwi lilikuwa likibembea likinigonga kiunoni. Nilipogeuza shingo, mtandio ulivutwa nyuma nikahisi upepo masikioni, nikaganda palepale nikiushika kwa mikono miwili. Mwanangu alikuja mbio. Nilimfokea akate uzi, achukue fimbo, afunge ndoana nyingine, aniache. Alifanya hivyo kwa wepesi ambao sijui aliupata wapi, na ndani ya dakika moja au mbili nikasikia uzi wake ukilia.

Ndipo bibi yule alipoweka fimbo yake chini. Alikuja nyuma yangu, akaniambia nisitikisike, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama aniondolee kitambaa ili afanye kazi kwa urahisi. Nilitikisa kichwa. Hakuuliza tena. Alisimama upande ule wa watu, akanikinga kwa mgongo wake, akatoa koleo dogo mfukoni na kuanza. Angeweza kukata kitambaa kwa kisu, sekunde mbili zingetosha. Badala yake aliisukuma kila ndoana mbele hadi ncha ikatokeza upande wa pili, akaikata ncha pamoja na jino lake linalozuia kurudi, kisha akaichomoa taratibu kule ilikoingia, ili uzi wa kitambaa usichanike. Akafanya hivyo mara tatu. Vidole vyake vilikuwa baridi na vilinuka samaki wa zamani, harufu niliyoijua kabla sijajua kusoma. Mbele yetu bahari ilikuwa bado inachemka, kushoto na kulia watu wanapiga mayowe, na fimbo yake mwenyewe imelala juu ya mawe. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba mtandio ule niliununua kwa pauni nne.

Alipochomoa ndoana ya tatu shakwe walikuwa wamekwisha kusogea mbali. Alirusha mara tatu, mara nne, akavuta maji matupu. Nusu saa ya msimu ilikuwa imepita, naye alikuwa ameitumia yote nyuma ya kichwa changu.

Mwanangu alikuwa na vibua wanne. Nilimwinua mmoja, nikamtazama kwa mara ya kwanza akiwa bado hai: mgongo wa kijani unaoelekea samawati, michirizi myeusi inayopindapinda kama mwandiko wa mtu mwenye haraka, tumbo jeupe lenye mng'ao wa lulu. Alitetemeka kiganjani kama simu inayoita. Kibua huyu hana kibofu cha hewa cha kumwezesha kuelea, kwa hiyo huogelea maisha yake yote bila kusimama. Rangi yake ilianza kufifia nikiwa bado namtazama. Wale wa mama walinifikia wakiwa wamekwisha kuwa kijivu, na siku zote nilidhani hiyo ndiyo rangi yao.

Niliwachagua wawili wakubwa nikampelekea bibi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mvutano wa kwetu, yeye akatae mara mbili, mimi nimwapize, yeye akubali akilalamika. Alisema asante, akawatia ndooni. Kisha, huku akifunga vitu vyake, akatuambia kwamba tumepata siku yake hasa, kwani kibua huharibika upesi kiasi kwamba sheria ya mwaka 1698 iliruhusu auzwe London hata Jumapili.

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma habari zao, jambo ambalo pengine ningelifanya kabla ya kulipia chumba. Tangu Machi 2019 vibua wa kaskazini-mashariki mwa Atlantiki wamenyang'anywa cheti cha uvuvi endelevu cha shirika la MSC. Norwei, Aislandi, Visiwa vya Faroe, Uingereza na Umoja wa Ulaya hujadili mgawo kila mwaka, na jumla ya wanachojigawia huzidi ushauri wa wataalamu. Mwishoni mwa Septemba, mwezi mmoja baada ya safari yetu, baraza la utafiti wa bahari liitwalo ICES lilishauri kiwango cha kuvuliwa mwaka 2026 kipunguzwe kwa asilimia 70. Nilipomsomea mama, aliniuliza kama wao pia wanapiga baruti. Nilisema hapana. Nilikumbuka asubuhi za utoto wangu Tanga, mshindo mzito kutoka baharini, vyombo vikitikisika kabatini, na mama akisema bila kuinua kichwa kwamba leo samaki watakuja laini, mifupa imevunjika, msinunue.

Vibua wetu wawili walisafiri kwa treni ndani ya mfuko wa barafu, na abiria mmoja alihama kiti. Usiku ule niliwachanja mbavuni nikawapaka ndimu na pilipili, nikampigia mama kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, niwaone."

Nilimsogezea simu. Alitazama kwa makini, kama alivyokuwa akitazama ndoo ya mchuuzi.

"Mbona wana michirizi kama punda milia? Macho yao lakini ni mazuri. Na wawili wengine?"

Nilimsimulia habari za bibi, ndoana na koleo. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama nilimpa wale wakubwa. Nilipomhakikishia, aliniambia nipunguze moto, mafuta yanafuka.

Mwanangu alikula wake akamaliza hadi mkia, akasema anafanana na wa bibi yake wa Tanga, ingawa wa bibi huyo hajawahi kumla. Mtandio bado nauvaa kazini. Una tundu moja dogo, la ndoana ya kwanza, na nikiukunjia upande wa kulia halionekani.