Korido ya vyumba sita

Jana usiku umeme ulikatika saa tatu, nikatoka na tochi kuzungukia bweni. Nikawakuta mabinti kumi na kitu wamekaa chini koridoni, simu zinamulika, katikati kuna kikombe cha maji na bomba la sindano lisilo na sindano. Wa mwaka wa pili anamuuliza wa mwaka wa kwanza: "Dawa ina miligramu 125 kwa kila mililita 5, mtoto kaandikiwa 250. Unavuta ngapi?" Binti akavuta mara mbili, akasema kumi. Wakampigia makofi. Huyu muhula uliopita alikuwa anakuja kwangu kulia, anataka kurudi kwao Urambo.

Mimi ni matroni wa bweni la wanafunzi wa uuguzi hapa Tabora. Zamani tulipanga vyumba kwa nani kafika kwanza. Mwaka huu niliomba korido moja tu, vyumba sita, wakae wa kozi moja, wa mwaka wa kwanza na wa pili pamoja, na mwalimu mmoja aje kila Jumatano tule naye ugali na kumuuliza maswali.

Wazo si geni. Mwaka 1927 mwalimu wa falsafa Alexander Meiklejohn alianzisha chuo cha majaribio cha namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani: wanafunzi bweni moja, walimu wakiwa na ofisi humohumo. Chuo hicho kilifungwa 1932.

Ugomvi upo, hasa zamu ya kudeki. Lakini wanagombana kisha wanasoma pamoja. Nimeshaomba korido ya pili.