Kompyuta ya nyumbani si laptopu ya mtu mmoja

Sipiyu yetu ya nyumbani, lile sanduku la kompyuta ya mezani, ilikufa wakati wa kusi, msimu ambao hapa Amu, mji wa Lamu, hata sindano ukiisahau dirishani unaikuta imeota kutu. Dalili zilitangulia. Kila stima ikikatika, saa yake ilirudi nyuma miaka mingi, kwa kuwa ile betri bapa ya volti 3 iliyoko kwenye madabodi, ubao mkuu wa ndani, ilikuwa imekwisha. Tarehe ikiwa si ya kweli, tovuti nyingi hukataa kufunguka, maana kivinjari hukagua cheti cha usalama cha tovuti kwa kufuata tarehe ya mashine. Binti yangu akitaka kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilimbidi kwanza arekebishe kalenda. Tukaweka betri mpya, mambo yakatengemaa. Kisha asubuhi moja mamangu akaniita nije, kutoka chini, kwa Kiamu chetu, "Ndoo, mwanangu, ndoo uone." Taa ya kuwashia ilikuwa inapepesa rangi ya chungwa. Feni ilizunguka kidogo, ikasimama. Skrini ikabaki nyeusi.

Nieleze kwanza mashine hii ilikuwa na kazi gani, kwa sababu kila ushauri niliopewa baadaye niliupima kwa kazi hiyo.

Mimi ni mchoraji wa nakshi za kofia. Kofia ya Lamu inayoshonwa kwa mkono ina vipande viwili, duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Nakshi hutangulia kuchorwa kitambaani, ndipo mshonaji aifuate kwa uzi na sindano, tundu kwa tundu, kazi ya majuma mengi. Hesabu ya ukanda haikubali kukisia. Kichwa cha inchi 22 ni sentimita 55.9, ukitaka maua 12, kila ua lipate sentimita 4.66, na kwenye duara la juu kila ua likae pembe ya digrii 30 kutoka kwa mwenzake. Akija mteja wa inchi 23, maua yaleyale yanataka sentimita 4.87 kila moja. Kwa penseli, hapo ni kufuta na kuanza upya. Kwa Inkscape, programu ya bure ya kuchorea, nachora ua moja, naliamuru lijirudie mara 12, na kipimo kikibadilika nabadilisha tarakimu. Ukanda wa inchi 22 unaenea kwenye karatasi 2 za A4 zilizounganishwa kwa urefu. Wa inchi 23 hauenei vizuri, kwa sababu printa huacha ukingo mtupu kila upande, basi huongeza karatasi ya 3. Mshonaji akipewa mchoro uliokosea hata milimita chache, atagundua mwisho wa ukanda, ua la mwisho linapokataa kukutana na la kwanza, na kazi ya macho yake yote imepotea. Ndiyo maana mashine hii naichukulia kwa uzito.

Lakini kufika alasiri mashine si yangu tena. Iko msana wa chini, ukumbi ambao kila mtu wa nyumba hupita. Wanangu huifanyia kazi za shule. Mume wangu hujaza humo ritani za KRA, mamlaka ya kodi, kabla ya tarehe 30 Juni, na jirani akija na kitambulisho chake mkononi, naye hujaziwa zake. Usiku mamangu huwekewa kasida na rekodi za Maulidi, yeye kajinyoosha kwenye kitanda, sisi tunaongea pembeni. Hakuna anayeomba ruhusa.

Kaka yangu aliye Mombasa alipopata habari alinipigia. "Dadangu, mambo ya sipiyu yamepitwa. Nunua laptopu, ukiondoka unaondoka nayo."

Hilo la kuondoka nayo ndilo nisilolitaka. Laptopu huwa na mwenyewe. Huingia chumbani, mlango ukarudishwa, na aliyebaki nje akabaki nje. Nimeona nyumba zenye laptopu mbili ambamo nyanya hajapata kusikia hata kasida moja. Kompyuta ya mezani haina mwenyewe. Anayekaa kwenye kiti ndiye mwenye zamu. Na mimi mzazi napita, naona mtoto anatazama nini, bila kumchungulia.

Kuna na sababu za kazi. Skrini yetu ya inchi 22 ina upana wa karibu sentimita 48, kwa hiyo naona sehemu kubwa ya ukanda kwa ukubwa wake halisi, naweza hata kuweka kitambaa juu ya kioo nikalinganisha. Laptopu ya inchi 14 haifiki sentimita 32. Kibodi ikimwagikiwa chai, unanunua kibodi nyingine. Chai ikimwagika kwenye laptopu imeingia moja kwa moja kwenye moyo wake. Nyingi za siku hizi zina RAM, kumbukumbu ya kazi, iliyolehemiwa, huwezi kuitoa wala kuiongeza. Sifa moja kubwa ya laptopu siikatai: ina betri yake, na stima ikipotea kazi haipotei. Hilo nalitafutia dawa kando, nitalieleza.

Kabla ya kununua chochote, niliipeleka ya zamani kwa fundi, mtaa wa Langoni. Hapa kwetu hamna gari la kubebea, na punda sikumwamini na mashine ile, basi kijana wa hamali aliiweka kwenye mkokoteni juu ya mto. Fundi alianza na pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani. Nyuma yake kuna kitufe kidogo cha kujipima. Ukikibonyeza na taa ya kijani ikiwaka, pawa saplai ni nzima. Ikawaka. Akatoa RAM, akasugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa shule, akarudisha. Bado. Ndipo akaifungua yote, akaniita nitazame kwa tochi ya simu.

"Dada, maradhi yako hapa."

Kando ya soketi za madabodi palikuwa na ukungu wa kijani, na nyuma ya ubao, njia mbili nyembamba za shaba zilikuwa zimeliwa zikakatika. Ni chumvi. Upepo wa bahari unabeba chumvi, feni inauvuta ndani mchana kutwa, vumbi linaikamata, na unyevu wa usiku unaigeuza kuwa maji ya kutafuna shaba. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina baridi nzuri, lakini unyevu haziuachi.

"Naweza kukutafutia madabodi ya namna hii," akasema, "lakini itakuwa imekula miaka ileile." Nilimshukuru kwa ukweli wake. Wengine wangechukua pesa.

Jambo jingine lililonisukuma nisirudi kwenye mashine ya rika lile ni Windows. Prosesa yake ilikuwa ya kizazi cha 4, ya mwaka 2013. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka, kwa prosesa za Intel Core, kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine inayoingia KRA na eCitizen kwa nywila za watu, wengine si hata wa nyumba hii, siwezi kuiacha bila viraka vya usalama. Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, ingeikalia vizuri prosesa ile, na Inkscape inafanya kazi huko vilevile. Ila Linux haiungi shaba iliyokatika.

Nikaamua: sipiyu ndogo, ya mtumba kutoka maofisini Uingereza, zile zinazouzwa kama ex-UK. Nilichagua Lenovo ThinkCentre M720q, prosesa i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8, diski ya SSD ya GB 256, kwa shilingi 21,500. Ni kiboksi cha upande wa sentimita 18 hivi, unene usiofika sentimita 4. Ningepata mpya kabisa yenye prosesa dhaifu kwa pesa hizohizo au zaidi, lakini mashine za ofisini zimeundwa zifunguliwe: skrubu moja nyuma, kifuniko cha juu kinateleza, kisha cha chini, na RAM na diski unaziona zote. Kwangu hilo lina thamani kuliko harufu ya karatasi mpya.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma Mombasa, ndiye aliyekwenda dukani, mimi nikiwa kwenye simu ya video. Nilimwambia asilipe kabla ya mashine kuwashwa mbele yake. Aliandika tpm.msc, ikatokea 2.0. Akaangalia kama Windows imekubaliwa leseni. Akafungua kifuniko nione kama kuna kutu, akachomeka flashi kwenye kila tundu la USB, moja baada ya moja. "Shangazi, muuzaji ananitazama vibaya," akanong'ona. Nikamwambia aendelee. Adapta nayo tuliikagua, iwe ile ya watt 65 iliyotoka na mashine, si ya kubahatisha.

Tahadhari moja ambayo wengi huwapita: skrini yetu ina tundu la VGA tu, na kiboksi kile kina matundu ya aina nyingine, DisplayPort na HDMI. Tulinunua kigeuzi pale pale. Bila hicho mzigo ungefika Amu ukakaa kama tofali hadi basi jingine.

Ulikuja kwa basi kupitia Malindi na Garsen mpaka Mokowe, ukavuka kwa boti ukiwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, nikaupokea jetini mwenyewe.

Diski ya zamani ilikuwa haina neno. Fundi aliitia kwenye kasha la USB, nikaichomeka kwenye mashine mpya kama flashi kubwa. Windows iliuliza kama nina ruhusa ya kufungua folda za mtumiaji wa zamani. Nikakubali, ikachukua muda, zikafunguka. Nakshi zangu nilikuwa nazo tayari kwenye flashi, lakini za kaseti za mamangu, zile kasida tulizozihamisha kutoka kwenye utepe ambao sasa umeshakatika, zilikuwa pale peke yake. Nilizisikiliza moja moja kuhakikisha. Sasa nakala ziko mahali patatu: kwenye SSD, kwenye diski ya zamani kabatini, na kwenye flashi iliyo nyumbani kwa dada yangu, kijiji cha Shela. Nyumba ikipatwa na moto au maji, Shela haipatwi siku hiyohiyo.

Ile dawa ya stima ni UPS, kisanduku cha betri ya akiba, ya VA 650. Kiboksi hiki kikiwa katika kazi za kawaida kinakula umeme kidogo mno kuliko sanduku la zamani, kwa hiyo betri ya UPS inatupa muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, na mara nyingi stima inarudi kabla hatujazima. Ningekuwa na pesa pungufu ningepunguza kwenye prosesa, nisipunguze kwenye UPS wala SSD.

Kuhusu chumvi, nimeihamisha meza kutoka dirishani hadi ukuta wa ndani. Mashine tunaiwasha kila siku hata kama hakuna kazi, kwa sababu joto lake linakausha unyevu. Ikizimwa na kupoa, inafunikwa kanga. Ikiwa inafanya kazi haifunikwi kamwe. Na kila mwanzo wa kaskazi na kusi itafunguliwa ipigwe brashi laini ya rangi.

Mwili wa ile ya zamani nilimwachia fundi. Pawa saplai imeshapata kazi kwenye mashine ya madrasa. RAM zake ni DDR3, haziingii kwenye hii inayotumia DDR4, nazo akazichukua. Ndani ya kiboksi kipya kuna nafasi moja ya RAM iliyo wazi. Oda za kofia za Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, zikilipwa, nitatia GB 8 nyingine.