Namna nilifundisha kazi ya balozi hapa Goma bila kukaririsha watoto

Tarehe 22 Februari 2021 habari ilitufikia hapa Goma: balozi wa Italia, Luca Attanasio, ameuawa karibu na Kibumba, njia ya Rutshuru, pamoja na askari wake Vittorio Iacovacci na dereva wa PAM (shirika la chakula la ONU), Mustapha Milambo, ndugu yetu Mcongomani. Balozi alikuwa na miaka 43 tu. Siku tuliingia darasani, mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: «Mwalimu, balozi si anakaaka Kinshasa mu ofisi ya klima? Kibumba alikuwa anatafuta nini?» Swali ile ilinichoma, juu mimi njo nafundisha uraia na sikuwa na jibu.

Nikauliza wakubwa wa kazi. Mmoja akaniambia: andika ku tablo, wacopie, siku ya intero, mtihani mdogo wa darasani, watakariri. Mpaka leo inanikasirisha. Lakini ni mkubwa, nikamsikiliza, nikachukua Mkataba wa Vienna wa 1961, ile yenye inapanga mambo ya mabalozi, vifungu 53, nikaanza kuandika kwa Kifaransa, chaki tatu zikaisha, kufika kifungu cha 14 nageuka naona nusu ya darasa wanachora bendera mu kaye. Nikauliza agrema ni nini, kimya, kisha mmoja akasema ni kibali cha kujenga nyumba. Saa mbili za watoto nimezipoteza hivyo.

Usiku ile nikakumbuka posa ya mdogo wangu. Kwetu huendi tu kwa watu na mbuzi na kreti za bia bila kujua kama watakupokea, unatuma kwanza mtu aulize polepole, wakikataa hakuna mwenye anaaibika mbele ya jirani. Eh, agrema yenyewe njo hiyo! Inchi inapeleka jina la mtu kimya kimya, ingine inakubali ao inakataa, na ikikataa hailazimishwi kusema sababu.

Basi kila benchi ikakuwa inchi. Inchi ya Dirisha, Inchi ya Mlango, Inchi ya Tablo, kila moja na rais wake. Bahasha za kaki, za kutia barua yenye rais anatambulisha balozi wake, nilinunua soko ya Virunga, zote pamoja sijui kama zilifika elfu tano. Muhuri nao nilitengeneza na mshumaa, unadondosha mafuta ku bahasha, unagandamiza kifuniko cha biki ikiwa bado moto. Usingoje ipoe, itapasuka.

Inchi ya Mlango ikapendekeza kijana mmoja mwenye sauti kubwa. Dirisha ikakataa. Akasimama: «Juu ya nini?» Nikamwambia sheria haiwalazimishi kukujibu, kaa. Alivimba kweli, lakini agrema hataisahau. Mlango wakatuma msichana mwenye hasemaka kitu. Akabeba bahasha na mikono mbili, rais wa Dirisha akasimama kumpokea, darasa zima kimya, na pale nikawaeleza kama siku ya kutoa barua njo inapanga nani anatangulia ku sherehe kati ya mabalozi, si ukubwa wa inchi yake.

Ambasade ilikuwa duara ya chaki kuzunguka kiti. Kijana mmoja alitaka kuvuka achukue kaye yake, watu wakapiga kelele: «Huingii bila ruhusa ya balozi!» Balozi wa Tablo naye akaanza kuambia watu wa Dirisha wabadilishe rais wao. Wakamfukuza palepale, na haki yao: balozi haingilii siasa ya fasi yenye anafanyia kazi.

Mwisho kila balozi akaandika ripoti kwa rais wake. Ya yule msichana ilikuwa mistari tatu: «Inchi ya Dirisha iko na watu sita na biki mbili. Wawili hawakukula asubuhi. Naomba tuwatumie kitu.» Mimi mwalimu wao sikujua kama hawakukula. Nikawaambia basi: Attanasio alikuwa anaenda Rutshuru kuangalia programu ya PAM yenye inalisha watoto mu masomo. Yule wa nyuma akaomba ile ripoti, akaisoma yeye mwenyewe.

Mandazi nilinunua kwa pause. Ukifanya hii usichukue benchi zote kwa saa moja, nne zinatosha, wengine wakuwe waandishi wa habari.

Intero sikuuliza kifungu namba ngapi. Niliandika: inchi yako imekataliwa balozi, unafanya nini? Watoto 60, wenye walikosa nusu ni wanne, na kijana mwenye sauti kubwa njo alipata ya kwanza.