Njuka kumi na wanne wa Ohio

Nilipomwambia mama kwa simu kuwa nimejiunga na chama cha udugu chuoni, chenye jina la herufi za Kigiriki, nyumba yake na kiapo cha siri, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hao si Frimasoni?" Ikabidi nimtafutie mtu anayemjua. Nikamweleza kwamba Kwame Nkrumah, aliposoma Lincoln University kule Pennsylvania, naye aliingia chama cha namna hiyo, Phi Beta Sigma, kilichoanzishwa na wanafunzi weusi wa chuo kikuu cha Howard mwaka 1914.

"Na Nkrumah walimpindua," akajibu mama.

Chama changu kilikuwa kingine, na tawi letu lilikuwa katika chuo kimoja cha Ohio ambako Mtanga nilikuwa peke yangu. Nilipoanza mwaka wa tatu, rais wa tawi alinikabidhi programu ya uongozi na ulezi. Wapya walikuwa 14. Kila mmoja alitakiwa apate mlezi miongoni mwa wakubwa, na ifikapo Mei wawe wanaweza kugombea vyeo. Alinichagua, alisema, kwa sababu naongea na kila mtu. Sikumwambia kwamba kwetu hicho si kipaji, ni kusalimia tu.

Nilianza kwa makaratasi. Nikachora jedwali, mwanafunzi wa uhandisi kwa mhandisi, wa biashara kwa mfanyabiashara, nikaagiza wakutane saa moja kila wiki na kujaza fomu. Wiki ya tano nikakusanya fomu zangu. Jozi 5 tu ndizo zilizokutana zaidi ya mara moja, na fomu mbili zilikuwa na maneno yaleyale mpaka kosa la tahajia. Nikamuuliza kijana mmoja kulikoni. "Tunakaa," akasema, "ananiuliza naendeleaje, namwambia vizuri. Halafu kila mtu anatazama simu yake."

Jozi iliyonifumbua macho ni ile niliyoiunganisha kwa mabaki: mweka hazina wetu na kijana wa historia aliyekosa mwenzake. Hawakujaza fomu hata moja. Lakini kila Jumapili jioni walipita pamoja mlango kwa mlango wakidai ada, na yule kijana mpole alikuwa ameshajua kumdai mtu mwenye mwili mara mbili ya wake bila kumvunjia heshima. Hakuna aliyemketisha kumfundisha uongozi.

Nikalichana jedwali. Kila mpya nikamweka kwenye shughuli ambayo mlezi wake alikuwa nayo tayari: mapishi, ukarabati wa nyumba, harambee, ratiba ya kusoma kabla ya mitihani. Mambo yakachangamka. Na hapo ndipo nilipokaribia kuharibu.

Mlezi mmoja alianza kumtuma kijana wake. Kwanza kahawa, kisha nguo za kufua, kisha chakula saa sita za usiku kwenye baridi ya Novemba. Wenzangu wawili waliniambia, nami sikuona tatizo. Nilisoma shule ya bweni Tanzania, ambako fomu wani ni njuka, na njuka hutumwa. Nilimfulia kaka mmoja mashati mwaka mzima, na nilipofika kidato cha nne nami nikafuliwa. Ohio, mwaka 2021, ilitunga sheria iliyoongeza adhabu ya kunyanyasa wapya. Kumlazimisha mtu pombe akapata madhara makubwa ni kosa kubwa la jinai. Chuo kilitupa semina juu ya hayo. Nilikuwa nimeketi pale nikiitikia kwa kichwa, nikidhani wanaongelea pombe tu.

Nilizinduka nilipomkuta yule kijana kwenye chumba cha mashine za kufulia, usiku, daftari la kemia juu ya magoti, akingojea nguo zisizo zake. Kesho yake alikuwa na mtihani. Hakulalamika. Aliniamkia kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonichoma, kwa sababu niliifahamu: ndivyo nilivyokuwa nikimwamkia yule kaka wa mashati.

Nilimpa kijana mlezi mwingine, nikaongea na yule wa kwanza kwa ukali nisioujivunia, maana nusu ya ukali ule ulinihusu mimi. Kisha nikaandika kwenye ubao wa jikoni kanuni moja: usimtume, nenda naye. Kama ni kusugua sufuria, nyote wawili mna mikono yenye sabuni. Walezi wawili walijitoa wiki hiyohiyo. Nao nilikuwa nimewahesabu kama nguzo.

Machi tulikuwa na usiku wa pankeki, zile zinazokaribiana na chapati za maji, kuchangia benki ya chakula ya mjini, inayowagawia chakula wenye shida. Msimamizi alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza. Saa tatu mlezi wake alinijia: unga hautatosha, akimbilie dukani? Nikamwambia amweleze anachokiona, asimwambie la kufanya. Kijana akatazama beseni, akatazama foleni, akasimamisha uuzaji wa tiketi na kuwatuma wenzake wawili dukani. Watu kama thelathini tuliwarudishia hela. Asubuhi mlezi na kijana walikaa na risiti mpaka wakajua kosa lilianzia wapi: alipiga hesabu ya pankeki mbili kwa mtu, na mwanafunzi wa Kimarekani mwenye njaa hali mbili.

Mei, kati ya 14 walibaki 11, na wanne wakachaguliwa kushika vyeo. Jozi mbili hazikushikana kamwe, na sijui ningefanya nini zaidi.

Kuna desturi kule: mdogo humchongea mlezi wake kasia la mbao lenye herufi za chama. Zamani makasia hayo yaliwachapa wapya. Siku hizi hutundikwa ukutani. Kijana wa kemia alinichongea mimi, ingawa sikuwa mlezi wake. Nilirudi nalo Tanga kwenye begi, likichomoza kwenye zipu. Mama aliligeuzageuza, akagonga mbao yake kwa kucha, akauliza ngalawa yenyewe iko wapi.