Kutoka Kange hadi Moroni: yuro, mvua na hesabu ya riyali

Safari ya Komoro huharibikia nyumbani, kabla hata hujapanda basi. Nimekwenda Ngazija, kisiwa cha Komoro chenye mji wa Moroni, nikianzia stendi ya Kange hapa Tanga, na ninayoyaandika hapa mengi ni ya pesa, majira na maji, kwa sababu hayo ndiyo yanayomkwamisha mtu. Sisi tumezoea kulipa kila kitu kwa simu. Kule hakuna wakala wa kukutolea hela iliyo kwenye laini yako ya Tanzania, na kadi ya benki usiifanye tegemeo. Exim ya nyumbani ina benki yake Komoro tangu 2007, na hilo linatia moyo, lakini mashine za kutolea pesa ni chache na umeme hukatika. Noti mkononi ndiyo uhakika.

Noti zenyewe ziwe yuro, si dola. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro: yuro 1 ni faranga 491.96775, leo na kesho. Tarakimu hizo za ajabu zina asili yake. Mwaka 1994 faranga ya Ufaransa iliwekwa sawa na faranga 75 za Komoro, na yuro ilipoingia, kiwango kile kile kikageuzwa kwa hesabu. Kwako wewe maana yake ni kwamba hakuna haja ya kusubiri bei ipande. Yuro 100 ni faranga 49,196 na kidogo. Ukipewa 49,000 umetendewa haki, ukipewa 45,000 umepunjwa. Dola inabadilishwa pia, ila kiwango chake hakijafungwa, hivyo utakatwa ulipoinunua hapa na utakatwa tena utakapoiuza kule. Wakomoro wana ndugu wengi Ufaransa, hasa Marseille, na yuro ndiyo noti wanayoijua kwa kuigusa.

Nilizitafuta yuro wiki moja kabla ya safari. Benki itataka pasipoti na tiketi, basi nenda navyo, na sema mapema kwamba unataka noti za 10, 20 na 50. Noti kubwa ni mzigo: dereva wa teksi hana chenji ya 200. Zikague moja moja mbele ya karani. Iliyochanika pembeni au yenye maandishi ya kalamu irudishe palepale.

Viza hutolewa ukifika uwanja wa ndege wa Hahaya. Nilitenga yuro 30 kwa ajili yake, kamili, kwenye bahasha ya peke yake ndani ya pasipoti, ili nisifungue pochi yote mbele ya watu. Andaa tiketi ya kurudi na karatasi yenye jina la nyumba ya wageni, mtaa na namba ya simu, kwani fomu inaviuliza. Pasipoti ibakiwe na miezi 6 au zaidi. Kama huna kabisa, anza mapema: ya kawaida ni shilingi 150,000, na bila kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa maombi hayaendi.

Sasa riyali, maana hapa wageni wengi huchanganyikiwa. Noti zimeandikwa faranga, lakini sokoni watu huhesabu kwa riyali, na riyali 1 ni faranga 5. Mama anayeuza samaki soko la Volo Volo, Moroni, akikwambia "riyali djana", hasemi habari za jana. Djana kwao ni mia. Riyali mia ni faranga 500. Ukimpa sarafu ya 100 ukidhani umemaliza, atakutazama tu. Njia niliyoitumia ni nyepesi: riyali 100 ni karibu yuro 1. Riyali 200, yuro 2. Riyali 1,000, yuro 10. Kabla ya kutoa pesa uliza, "Riyali au faranga?" Swali hilo moja litakuokolea ugomvi, na mara nyingi muuzaji mwenyewe atakuonyesha noti anayoitaka.

Kiswahili kitakusaidia, ila si kwa kiasi unachokitarajia. Kingazija ni ndugu, na ndugu hufanana na hutofautiana. Mbili, nne na nane utazisikia vizuri. Tatu ni ndraru, saba ni mfukare, tisa ni shenda. Mtu akikwambia "marahaba" hakujibu shikamoo, anakushukuru. Kwa mkubwa anza na "kwezi", ndiyo heshima yao. Ofisini na kwenye maandishi ni Kifaransa, kwa hiyo anuani ya unapofikia iandike kwa Kifaransa kama ilivyo kwenye uthibitisho wa chumba.

Kuhusu majira, mtu wa Tanga asijipime kwa mawingu ya kwetu. Januari na Februari huku ni jua kali na vumbi. Moroni huo ndio msimu wenyewe wa mvua, na vimbunga hupita eneo lile kati ya Novemba na Aprili. Kenneth alipita Aprili 2019, Chido akaipiga Maore (Mayotte), kisiwa jirani, Desemba 2024. Mwezi Mei, sisi tukiwa kwenye matope ya masika, kule mvua inapungua. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni kusi, hewa kavu na joto la kustahimilika. Lakini ndani ya kipindi hicho ogopa Julai na Agosti, ndiyo miezi ya harusi kubwa, na Wakomoro wa Ufaransa, wanaoitwa "jeviens", hurudi kwa wingi. Viti vya ndege hujaa na vyumba hupanda bei. Ningechagua mwishoni mwa Mei, Juni mapema au Septemba.

Ndege hutoka Dar es Salaam, haziruki kila siku, na angani ni chini ya saa mbili. Kosa la watu wa mikoani ni kutoka Kange alfajiri wakitegemea ndege ya jioni ileile. Kilomita zile zinakwisha vizuri hadi Chalinze. Kutoka hapo kwenda Mbezi malori yanaweza kukuweka saa nyingi, na ukishuka stendi ya Magufuli bado hujafika uwanja wa ndege. Lala Dar usiku mmoja. Kutoka Mbezi, njia ya Malamba Mawili na Kinyerezi ilinifaa kuliko kuzungukia Ubungo. Ulizia Jengo la Tatu la Abiria, na uwe umefika muda wa saa tatu kabla ya ndege kuruka.

Mzigoni weka adapta ya plagi. Soketi za Komoro ni za Kifaransa, matundu mawili ya mviringo, na chaja zetu za miguu mitatu bapa haziingii kabisa. Mimi nilibeba adapta moja na ekstensheni ya kwetu yenye matundu manne: adapta inaingia ukutani, ekstensheni inaingia kwenye adapta, simu zote zinachajiwa. Pawabenki ijae kabla ya kulala, kwani umeme unaweza kukatika usiku kucha. Laini ya simu utaisajili kwa pasipoti. Utaona Yas kule pia, jina lile lile lililochukua nafasi ya Tigo huku mwaka 2024, ila laini ya huku haigeuki ya kule; nunua mpya, namba zake zinaanza na +269.

Maji ni jambo zito Ngazija. Kisiwa kizima ni mawe ya volkano, sehemu kubwa ya Karthala, mlima wa mita 2,361, na mawe hayo yana vitundu vingi kiasi kwamba mvua inazama moja kwa moja. Hakuna mto hata mmoja. Nyumba nyingi huvuna maji ya paa na kuyahifadhi kwenye tangi, na mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, tangi hukaribia kukauka. Kabla ya kulipia chumba niliuliza maswali mawili: tangi ni la ukubwa gani, na maji yakiisha mnayaleta kwa njia gani? Jibu la kusitasita ni sababu ya kutafuta kwingine. Ya kunywa nunua ya chupa. Ya kuoga utapewa ndoo na kopo, yatumie kwa adabu, maana kuna familia inayategemea. Viatu viwe vya soli ngumu. Lava hukata kandambili kama kisu. Na chandarua, malaria ipo.

Ukivuka barabara kumbuka magari kule hupita kulia, kwa hiyo la kwanza kukufikia linatoka kushoto kwako. Mazoea ya kuangalia kulia kwanza ni ya hatari, hasa kwenye njia nyembamba za mji mkongwe wa Moroni, karibu na Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1427.

Kwenda Mwali, kisiwa kingine cha Komoro, watu huvuka kwa boti ndogo kutoka Chindini hadi Hoani. Kusi likiwa kali, Juni hadi Agosti, bahari ile si ya mchezo. Panda asubuhi tu, dai jaketi la kujiokolea na ulivae kabla boti haijaondoka. Wakikwambia yamekwisha, shuka. Anayeweza kulipa ndege ya ndani alipe. Maore isikutamanishe hata kidogo: iko chini ya Ufaransa, inadai viza yake tangu 1995, na boti za kwassa zinazokwenda huko kwa siri zimezamisha watu wengi mno.

Ukirudi, vanila na mafuta ya mlangilangi ni zawadi nzuri. Mafuta yafunge kwenye begi la kukabidhi, maana ya mkononi yakizidi mililita 100 yatachukuliwa. Usivifungashe kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea, imepigwa marufuku kwetu tangu Juni 2019.

Faranga zilizobaki zimalize au zigeuze yuro ukiwa bado Moroni mjini, siku moja kabla, na isiwe Ijumaa mchana wakati maduka yamefungwa. Bakisha za teksi ya Hahaya, kilomita 20 hivi kaskazini mwa mji, na za chupa moja ya maji. Nilipofika Tanga na noti moja ya 500, hakuna duka la kubadilisha pesa lililokubali kuigusa.